Polinomia Iliyofuturisha Mtaa Jua Likiwaka

"Mwanangu, hilo jua la kesho kutwa, hesabu yako imelionea wapi?"

Hilo ni swali aliloniuliza mjomba wangu Salimu, mwadhini wa msikiti wetu mdogo wa mtaa pale Gazi, siku nilipompa saa za kufuturu nilizozikokotoa mwenyewe, na mimi, mwenye shahada ya hisabati iliyopigiwa vigelegele kuanzia barabara kuu hadi ufukweni, nililipuuza. Nilicheka tu, kile kicheko cha mtu anayedhani swali limeulizwa kwa kutojua, nikamwambia ni mambo ya polinomia, mjomba, yanataka muda kuyaeleza. Ningekuwa na haya kidogo ningenyamaza hapo hapo nikalifikiria swali lenyewe, lakini haya zilinijia baadaye, zikaja zote kwa pamoja, mbele ya watu, nikiwa na tope la mikoko hadi magotini na tende mdomoni.

Acheni niwaeleze ulivyoanza mwendo wenyewe, kwa sababu kila ninapokisikia kisa hiki kikisimuliwa na wengine (na kinasimuliwa, msiwe na shaka) mimi huonekana kama mtu aliyeamka siku moja akaamua kuharibu saumu za watu.

Mimi nina maradhi ya kuuliza. Nilipokuwa mdogo niliuliza kwa nini tunasema bahari imejaa ilhali haina kifuniko, nikiwa chuoni niliwauliza wahadhiri maswali mpaka mmoja akaomba nikae nyuma. Nilipomaliza masomo nilirudi nyumbani nikapata kazi ya kupima mikoko, na Ramadhani ya mwaka ule, jioni moja tukiwa mkekani tunafuturu, nikaitazama ratiba ya nyakati za sala iliyobandikwa ukutani, ambayo juu imeandikwa kwamba ni ya Mombasa, nikauliza, "Hivi kwa nini sisi wa Gazi tunafungulia jua la Mombasa?"

Mama akasema, "Kula."

"Nauliza tu. Jua la Mombasa si jua la hapa. Sisi tuko kusini, na tuko magharibi yao kidogo. Nani aliyewahi kupima la hapa?"

"Nani alikuwa na kazi hiyo?" akasema Bi Mwanakombo, jirani yetu, mtu ambaye ulimi wake haufungi hata Ramadhani. "Jua likizama linazama. Wewe unataka likuage?"

Watu wakacheka, lakini mjomba Salimu hakucheka. Yeye alinitazama vile anavyonitazama tangu nilipokuwa darasa la kwanza, kama mtu aliyepanda mnazi akaona umezaa samaki, akasema, "Kama linapimika, pima."

Basi, ukimwambia mtu mwenye maradhi yangu neno kama hilo umemmaliza. Kwa kweli nilikuwa nimeshaanza kupima tangu mwishoni mwa Shaabani kwa udadisi wangu tu. Kuna nyumba ya jirani ambayo ghorofa yake ya juu haijawahi kumalizwa, imebaki nguzo na vyuma, na ukisimama pale unaona juu ya minazi mpaka vilima vya Shimba. Jioni ambazo mbingu ilikuwa safi nilipanda, nikangoja jua litoweke nyuma ya vilima, nikatazama saa kwenye simu, nikaandika, nikaongeza kidogo kwa ajili ya urefu wa vilima. Siku za mawingu sikuandika kitu. Siku nyingine macho yaliniuma nikakisia. (Msiliseme kwa mtu, lakini zilikuwa zaidi ya moja.) Mwanzoni mwa Ramadhani mawingu yakatanda yakakataa kuondoka, nikabaki na nukta kumi tu kwenye grafu yangu, zimepangana kama watoto waliolazimishwa kusimama mstari, huyu mbele kidogo, huyu nyuma kidogo.

Sasa hapa ndipo polinomia inapoingia, na msiogope jina. Unachukua kitu kimoja, tuseme siku, unakizidisha chenyewe kwa chenyewe mara moja, mara mbili, mara tatu na kuendelea, kila mzidisho unaupa uzito wake, kisha unavijumlisha vyote. Basi, hiyo ndiyo polinomia. Ikiishia kwenye kipeo cha kwanza inachora mstari ulionyooka. Ya kipeo cha pili inapinda mara moja, kama njia ya jiwe lililorushwa. Ukizidi kupandisha vipeo unazidi kuupa mstari ruhusa ya kukata kona. Kazini tunaitumia kila siku, kwa sababu huwezi kung'oa kila mkoko ukaupima uzito, kwa hiyo inapimwa michache, unatafutwa mstari unaopita karibu na vipimo vyake, halafu ule mkoko uliosimama unauzungushia utepe tu, mstari unakuambia uzito. Na kazini hatupiti kipeo cha pili, mkuu wetu hataki, na mimi siku zote nilimwona mtu mwoga.

Nyumbani hakukuwa na mkuu. Nilijaribu mstari ulionyooka, nao ukapita katikati ya nukta zangu bila kuigusa hata moja, nikaona huu ni uzembe. Nikapanda kipeo cha pili, cha tatu, kila nikipanda mstari unazisogelea nukta zaidi, na nilipofika kipeo cha tisa ukapita juu ya kila nukta, moja baada ya nyingine, kama sindano kwenye shanga. Kompyuta ikaniambia kosa ni sufuri. Nilipiga kofi peke yangu chumbani. Kitu ambacho nilikisoma chuoni, nikakifanyia mtihani na nikakifaulu, ni kwamba ukiwa na nukta kumi polinomia ya kipeo cha tisa itapita kwenye zote kumi, lazima ipite, hata kama nukta zenyewe ni za uongo. Kwamba kosa ni sufuri hakukuwa na maana yoyote juu ya jua. Kulikuwa na maana kwamba nukta zangu ni kumi. Lakini mtu anaweza kukijua kitu darasani na asikijue chumbani kwake, na hilo sijalielewa hadi leo.

Siku za kwanza saa zangu na za ratiba ya ukutani zilitofautiana kwa chini ya dakika. Maalim wetu alisema kama zinakaribiana hivyo hakuna ubaya, ila tahadhari iwepo. Mjomba akaanza kufuata zangu. Kila alasiri nilimtumia saa ya siku hiyo kwa simu, na yeye kila alipotoka msikitini aliwaambia watu, na wengine hata hawakuuliza, kwamba adhana ya hapa sasa inafuata jua la hapa hapa, limepimwa na mpwa wake. Mtu ambaye ameadhini tangu kabla sijazaliwa, ambaye akivuka barabara pikipiki zinapunguza mwendo, alikuwa anajisifu kwa hesabu ya msichana ambaye juzi tu alikuwa anamwogopa kuku.

Siku yenyewe nilikuwa ndani ya mikoko, maji yametoka, utepe shingoni, mtandao unakuja na kuondoka. Nikakumbuka sijamtumia mjomba saa. Nikafungua simu, nikaisoma namba kwenye safu ya siku hiyo, nikaituma bila kuitazama mara ya pili. Muda si muda akapiga.

"Mwanangu, leo limetangulia sana kuliko jana."

Hapo. Ningesema tu, ngoja nitazame. Mkono mmoja ulikuwa umeshika mti, mwingine simu, mguu mmoja umezama, mwenzangu ananiita nisome kipimo, nikasema, "Mjomba, jua halirudi nyuma kwa hatua sawa kila siku." Jambo hilo ni kweli. Halikuwa na uhusiano wowote na alichoniuliza, lakini ni kweli.

"Haya," akasema. "Wewe ndiye uliyesoma."

Nilitoka kwenye mikoko nikitembea haraka ili niwahi, na adhana ikanikuta nakaribia kwetu. Mbingu ilikuwa imefunga, wingu zito jeusi upande wa vilima, giza la mvua limetanda, na sauti ya mjomba ikapaa juu ya mapaa ya makuti, na mimi (nisamehewe) nikajisikia kama ni mimi ninayeadhini. Pale barazani kwetu majirani huleta kila mtu alichonacho tukafuturu pamoja, na siku hiyo kulikuwa na mihogo ya nazi, kaimati, viazi, samaki wa kupaka na uji wa pilipili manga. Sikunawa hata miguu. Nikasimama ukingoni mwa mkeka, mama akanipa tende, nikala.

"Mbona leo kuku wangu hawajapanda?" Bi Mwanakombo akauliza, akitazama mti wa uani kwake.

"Kuku hawana saa, bibi," nikamwambia.

"Hawana. Lakini na mimi tumbo langu lilikuwa halijafika."

"Tumbo lako halijawahi kufika," mama akasema, na watu wakacheka, wakapitishiana vikombe, na hapo ndipo wingu lilipoinuka.

Sijui niielezeje. Lilikuwa kama mtu amenyanyua pindo la pazia. Chini ya wingu, juu ya vilima, kukafunguka ufa, na jua likachungulia, zima, la duara, la rangi ya machungwa, likamwaga mwanga juu ya mkeka wote, juu ya sahani ya kaimati iliyong'aa kwa shira, juu ya nyuso za watu waliokuwa na chakula mdomoni. Vivuli vyetu vikanyooka hadi ukutani. Hakuna aliyesogea.

"Hiyo taa ya nani?" mama akauliza.

"Hiyo si taa," akasema Bi Mwanakombo, shavu moja limejaa. "Hilo ni jua." Akaligeuza lile donge la kaimati upande wa pili wa mdomo. "Sasa nimeze au niteme?"

Wote walinigeukia mimi. Nilikuwa nimesimama pale na tope langu na kokwa ya tende ulimini, na kutoka dirishani kwa jirani redio ya Mombasa ikawa inaendelea na kasida zake taratibu, haina haraka, kwa sababu kwao magharibi ilikuwa bado. Bi Mwanakombo akatema kwenye kiganja. Mmoja mmoja wakafuata. Mama alikuwa ameshameza, akakaa ameufunika mdomo kwa ncha ya leso kana kwamba angeweza kukirudisha.

Kisha kipaza sauti cha msikiti kikakwaruza. Nilidhani atasema hesabu ilikosea. Alisema, "Ndugu zangu, asalaam alaikum. Jua bado halijatua. Aliyefungua azuie, aliyeswali ataswali tena. Kosa ni langu." Sauti ile ile iliyoniamsha daku maisha yangu yote, safari hii ilikuwa ndogo. Tulikaa tukilitazama jua likishuka, na lilishuka polepole kuliko siku yoyote, kila mtu mbele ya chakula kilichoanza kupoa, mpaka redio ikaadhini na mjomba akaadhini tena.

Usiku ule nilifungua kompyuta, nikafanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya mwanzo: nikauchora ule mstari wote, si kati ya nukta zangu tu bali hadi mwisho wa Ramadhani. Katikati ya nukta ulikuwa mpole. Baada ya nukta ya mwisho ulijikokota siku chache kwa adabu, kama mgeni, halafu ukaporomoka. Kufikia siku ya Idi polinomia yangu ilikuwa inatuzamishia jua kabla ya adhuhuri.

Maalim alisema siku ile italipwa na kila aliyekula kwa adhana ile. Hilo watu walilipokea, wanawake hasa, maana sisi kila Ramadhani tuna siku zetu za kulipa. Nilichokiogopa kilikuwa kingine. Kesho yake nilipita mbele ya Mzee Hamisi, fundi cherehani wetu na mjumbe wa kamati ya msikiti, nikamsikia akimwambia mteja, bila kushusha sauti aliponiona, "Adhana si mahali pa kujaribia vitu. Mwadhini anayengoja simu ya mpwa wake, huyo ni mwadhini au ni karani?" Na ilijulikana kwamba kamati itakaa alasiri. Mjomba hana kitu kingine. Mke alishafariki, shamba ni dogo, magoti yanamsumbua. Akinyang'anywa ile adhana kwa ajili ya mchezo wangu, nilijiuliza, atakuwa anaamkia nini?

Nikaenda. Niliomba ruhusa nizungumze kutoka upande wa wanawake, nyuma ya pazia, na sauti yangu ilitetemeka hivi kwamba Mzee Hamisi aliniambia nisogee na nianze upya. Nikawaambia saa zilikuwa zangu, mjomba aliuliza na mimi nikamtuliza, basi wanaotaka mtu wa kulaumu wasiende mbali.

"Tumeelewa hilo," Mzee Hamisi akasema. "Tusichoelewa ni vipi hesabu iwe sawa siku zote zile halafu iruke."

Nikatafuta namna ya kumweleza, na kwa kuwa ni fundi nikamwambia: chukua mteja aliyekaa kwenye kiti, mshonee dira linalofuata kila mkunjo wa nguo aliyonayo, kila kukunjamana kwa tumbo lake wakati ule, usiache hata nafasi ya pumzi. Akiwa amekaa vile vile litamkaa kuliko dira lolote duniani. Akiinuka tu, linapasuka. Nukta zangu zilikuwa na mikunjo, macho yaliyochoka, wingu, kukisia, na mimi nilizishona na mikunjo yake nikaita ndilo jua. Ule mstari ulionyooka, niliouona wa kizembe, ulikuwa umeacha nafasi ya pumzi.

Mzee Hamisi akasema, "Nani anayemshonea mtu akiwa amekaa?" na nikasikia watu wawili watatu wakijizuia kucheka, na maalim akanishukuru kwa upole, akaniambia niende, wao watazungumza.

Kuanzia magharibi ya siku ile adhana ikaanza kuitwa na kijana mwingine, mwenye sauti nzuri lakini anayekimbilia mwisho. Mjomba alikaa safu ya mbele kama mtu mwingine yeyote. Sikumuuliza na yeye hakunieleza. Nilijua wamemwondoa, na nilijua ni nani aliyemwondoa.

Mtaa haukuniacha. Nikipita pale kwenye kituo cha pikipiki, "Profesa, saa ngapi sasa?" na mwingine, "Usimuulize huyo, atakwambia ni kesho." Baada ya Idi, wanawake walipoanza kulipa siku zao, siku ile ikapata jina. Ukimpelekea mtu chai asubuhi anakwambia, "Ahsante, leo nimefunga ya Mwanasiti." Mwanasiti ni mimi. Bi Mwanakombo aliilipa Alhamisi, na jioni alinitumia sahani ya kaimati pamoja na ujumbe kwamba ametazama nje mwenyewe kwanza.

Siku hizi kazini nikipata vipimo huviweka vingine kando, sivionyeshi kwenye mstari mpaka umeshachorwa, kisha ndipo ninauliza kama unavijua. Mara nyingi haujui, na ninaushusha kipeo. Na mtu akinitaka nimpe namba ya siku iliyo mbele ya nukta yangu ya mwisho, namwambia kwanza ni kiasi gani sijui, hata akichoka kusikiliza. Sijaacha kuuliza maswali. Nimeongeza tu mtu wa kuulizwa.

Mwaka huu, kwenye arusi moja Msambweni, nilikaa jikoni nikimenya vitunguu pamoja na mke wa maalim, na katika mazungumzo nikasema, kwa kujilaumu kama ilivyo kawaida yangu, kwamba kamati ilimwondoa mjomba kwa sababu yangu. Akaacha kumenya. Akasema kamati haikumwondoa mtu. Mzee Hamisi mwenyewe alimsihi abaki. Mjomba ndiye aliyekikabidhi kipaza sauti, kabla hata mimi sijafika kuzungumza, kwa sababu jioni ile, alipokuwa amesimama tayari kuadhini, aliona kupitia dirisha la magharibi kwamba mwanga wa jua ulikuwa umeanza kupenya chini ya wingu, akautazama, akaitazama namba yangu kwenye simu, akaadhini.